Damu ya Ngazi, Kadi ya Kaka

Mama Pacha alikuwa na pini saba mdomoni. Hiyo ndiyo sababu pekee iliyomnyamazisha asubuhi ile. Siku za kawaida duka lake la ushonaji halikujua ukimya. Cherehani ilipopumzika, yeye alishika zamu.

Mbele yake alisimama jirani yake, mikono ameinyanyua kama mtu aliyekamatwa na polisi. Jirani huyo alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Kutwa nzima alishinda na vichupa vya damu, basi mtaa ukamwita Bi Kichupa. Alikuwa amekuja kupanuliwa gauni kiunoni kabla ya kuingia kazini. Alidai kwamba gauni limenywea kwa kufuliwa. Mama Pacha, kwa heshima zote za kazi, alikubali kwamba kosa ni la gauni.

Bi Kichupa alizungumza bila kupumua. Alieleza habari ya sanduku jekundu ambalo maabara yao ilianza kulitumia mwezi ule. Zamani, alisema, mtu aliyeumia vibaya aliletwa huku anamwaga damu. Daktari aliandika fomu. Muuguzi alitafuta mtu wa kuipeleka maabara. Maabara ilipima, ikalinganisha, ikaandika. Damu ilipofika kitandani, saa nzima ilikuwa imekatika.

"Na mtu anayevuja damu hana saa nzima," alisema. "Ana dakika."

Siku hizi mambo yalikuwa tofauti. Ndani ya lile sanduku la baridi kulikaa mifuko miwili ya damu ya kundi O. Hiyo ndiyo damu ambayo, wakati wa dharura, karibu mtu yeyote anaweza kupewa kabla kundi lake halijajulikana. Simu ikilia kwamba majeruhi yuko njiani, sanduku linatangulia kwenye chumba cha dharura. Majeruhi anavishwa bangili yenye namba, hata kama hakuna anayejua jina lake. Damu inaanza kuingia. Wakati huohuo, damu yake kidogo inachukuliwa kwenye kichupa ili maabara itafute kundi lake hasa.

Kisha Bi Kichupa akacheka peke yake. Alisema karani mmoja wa hospitali amewachekesha wiki nzima. Katika kabati la mafaili kuna faili la bwana mmoja, jina hakulitaja, ambaye kwa mujibu wa maandishi ameng'olewa meno thelathini na sita.

"Mtu mzima ana meno thelathini na mawili," alisema Bi Kichupa. "Hayo manne ya ziada sijui aliazima wapi."

Mama Pacha nusura ameze pini. Yeye alijua yalikoazimwa.

Faili lile lilikuwa la shemeji yake, kaka mkubwa wa mume wake. Ukoo mzima ulimwita Kaka, hata wale waliomzidi umri. Kaka alikuwa mtunza bohari ya saruji, na kazi hiyo ilimpa kadi ya bima ya matibabu. Kadi ilikuwa yake, lakini nyumbani ilitumika kama sufuria kubwa ya shughuli: mwenye haja aliipitia, akamaliza, akairudisha. Wajomba waling'olewa meno kwa kadi ile. Shangazi mmoja alitibiwa jipu. Mwaka uliopita binamu mmoja alipasuliwa ngiri na akalala wodini siku tano, akiitika jina la Kaka. Picha iliyokuwa kwenye kadi ilikuwa imefutika mpaka ikafanana na kila mtu. Kwa mujibu wa faili, Kaka alikuwa mgonjwa kuliko watu wote wa mji ule. Kaka mwenyewe hakuwahi kuugua hata mafua.

Mama Pacha alizitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine. Bi Kichupa akavuka barabara kwenda kazini, na gauni likabaki mezani.

Saa nne simu ililia. Aliyepiga alikuwa Nukta, mwenzake na mume wake kazini. Mume wa Mama Pacha alikuwa fundi wa paa, mrefu, na kwa hiyo aliitwa Ngazi. Nukta alikuwa mfupi. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Asubuhi ile walikuwa wakiezeka bwalo la shule.

Nukta alisema kwa kukatakata. Upepo umepeperusha bati. Bati limemkata Ngazi paja, akaanguka. Damu nyingi. Wamempakia kwenye pikapu, wanakuja hospitali. Simu ikakatika.

Mama Pacha alitoka na futi kamba yake shingoni. Alivuka barabara bila kutazama magari. Akasimama kwenye lango la hospitali, uso upande wa kulia, maana barabara ya shule ilitokea kulia. Kutoka shuleni kwa gari ni dakika tano. Alijua, kwa sababu pacha wake walisoma pale na kila siku walichelewa.

Dakika tano zikapita. Ikaja baiskeli. Likaja gari la kuleta maji. Dakika kumi. Alipiga simu ya Nukta, ikaita mpaka ikachoka. Dakika kumi na tano. Mlinzi wa lango alimletea kiti. Hakukiona.

Dakika ya kumi na tisa pikapu ilitokea. Ilitokea kushoto.

Kushoto hakukuwa na shule. Kushoto kulikuwa na bohari ya saruji. Mama Pacha alielewa kabla gari halijasimama. Walikuwa wamekwenda kuchukua kadi.

Ndivyo walivyozoea. Katika ukoo ule mtu hakuenda hospitali bila kupitia bohari. Hakuna aliyefanya hila wala uzembe. Dereva, naye wa ukoo uleule, alikunja kushoto kwa mazoea, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

Nyuma ya pikapu Ngazi alikuwa amelala chali juu ya mifuko mitupu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nukta alikuwa amepiga magoti, ameviweka viganja vyote viwili juu ya paja, na chini ya viganja kulikuwa na ovaroli iliyokunjwa mara nne. Hakuwa ameviinua hata mara moja tangu shuleni; hata simu alishikiwa sikioni na fundi mwingine. Mbele, karibu na dereva, aliketi Kaka. Aliteremka ameinua kadi juu kama refa.

Muuguzi hakuitazama kadi. Alimtazama Ngazi, akaita machela, akamwambia Nukta aendelee kukandamiza huku wanakimbia. Ndani walimvisha Ngazi bangili yenye namba. Walichukua damu kwenye kichupa, wakaandika namba ileile palepale kando ya kitanda. Muuguzi mwingine alikuwa kwenye simu akiita sanduku. Laiti mtu angepiga simu kutoka shuleni, sanduku lingekuwa limekwisha kufika. Lakini wote walikuwa wameshughulika na kadi.

Bi Kichupa alikuja mbio, sanduku jekundu mkononi. Alipotambua aliyelala kitandani, hatua zake zilisita kidogo, halafu zikaendelea. Mfuko wa kwanza ulitundikwa dakika ya saba tangu Ngazi apite mlangoni. Bi Kichupa alichukua kichupa, akarudi nacho maabara kwa mwendo uleule.

Mama Pacha aliachwa asimame ukutani, mahali ambapo hangemzuia mtu. Kaka alisimama kando yake. Kwa kuwa hakuna aliyeichukua kadi yake kitandani, alikuwa ameipeleka kwa karani, na karani, mtu mwaminifu kwa kazi yake, alilitoa faili na kulipeleka maabara.

Mfuko wa kwanza ukaisha. Wakatundika wa pili. Simu ya ukutani ikalia.

Muuguzi alisikiliza, uso ukambadilika. Alimweleza daktari kwa sauti ya chini, lakini chumba kilikuwa kidogo. Kichupa kilionyesha kundi B. Faili lilionyesha kundi A. Maabara ilihofu kwamba vichupa vimechanganywa, kwamba ile damu si ya mgonjwa huyu. Ilitaka kichupa kipya. Damu ya kundi O ilikuwa imekwisha, na gari lililotumwa kuleta nyingine lilikuwa bado safarini. Damu ya kundi B ilikuwapo, mifuko sita. Lakini hakuna mtu wa maabara ambaye angeitoa mpaka ijulikane kichupa kile ni cha nani. Damu ya kundi lisilokubali ingeweza kumuua Ngazi haraka kuliko jeraha.

Daktari alisema wachukue kichupa kingine. Muuguzi alitafuta mshipa kwenye mkono wa kulia. Haukuonekana. Akahamia wa kushoto. Mishipa ilikuwa imelala kama mpira wa maji uliofungwa bomba. Alijaribu, akakosa. Akajaribu tena.

Mama Pacha aliutazama mfuko wa pili. Alikuwa na jicho la mshonaji. Hakuhitaji futi kamba. Damu iliyobaki ilikuwa vidole vinne.

Alimtazama shemeji yake. Kaka naye alikuwa ameelewa. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Sheria ya bohari ilijulikana: anayeazimisha kadi anaweza kufukuzwa kazi. Kaka alikuwa na watoto wanne, na mama yao, yeye na Ngazi, alikaa kwake.

"Shemeji, subiri kidogo," alinong'ona. "Labda watapata mshipa."

Vidole vitatu.

Mama Pacha alimkumbuka Kaka siku ya harusi yake na Ngazi, alivyobeba viti mwenyewe mpaka suruali ikapasuka, na yeye akaishona papo hapo Kaka akiwa ameivaa. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumnyima mtu kitu. Ndiyo maana kadi ilichakaa.

Muuguzi alikosa mshipa mara ya tatu.

"Daktari," alisema Mama Pacha. Sauti yake ilitoka ndogo, akairudia. "Daktari, faili hilo si la huyu. Huyu ni mume wangu. Mwenye kadi ni shemeji yangu, huyu hapa. Na hiyo A waliyoiandika ni ya mtu mwingine tena, binamu yao aliyepasuliwa ngiri. Kadi tunaazimana."

Kaka aliinamisha kichwa.

"Ni kweli," alisema. "Mimi ndiye mwenye kadi. Sijawahi kupimwa damu maishani."

Daktari hakumkemea mtu. Alinyakua simu, akaiambia maabara kwamba faili ndilo lililodanganya. Bi Kichupa aliuliza swali moja tu, tena akalirudia: namba ya kichupa iliandikwa kando ya kitanda, na ni ileile ya bangili? Daktari alishika mkono wa Ngazi, akaisoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja. Zilikubaliana. Bi Kichupa akasema faili linafungwa, anafuata kichupa. Kichupa cha pili wangekichukua chumba cha upasuaji, ili kuhakikisha.

Kidole kimoja. Kisha mfuko ukawa mtupu.

Dakika zilizofuata Mama Pacha hakuzisahau. Nukta alikuwa bado anakandamiza. Walijaribu kumpokea, akakataa kwa kutikisa kichwa. Ngazi alisema neno lisilosikika vizuri. Mkewe aliinama. Ngazi alikuwa akiuliza kama bati lile limepatikana, lisije likamkata mtu mwingine. Mama Pacha alimwambia anyamaze, bati lina akili kuliko yeye. Ngazi alijaribu kutabasamu, na macho yakafumba.

Viatu vilisikika kwenye ukumbi. Bi Kichupa aliingia na mifuko miwili ya kundi B. Yeye na muuguzi waliisoma namba pamoja, mmoja kwenye mfuko, mmoja kwenye bangili. Damu ikatundikwa. Machela ikasukumwa kwenda chumba cha upasuaji, na mlango ukafungwa.

Saa tisa alasiri daktari wa upasuaji alitoka. Alisema mshipa umeshonwa, damu imesimama, na mgonjwa amezinduka. Aliongeza kwamba mgonjwa ni mbishi. Hapo Mama Pacha akajua kwamba mume wake kweli yuko hai, na akaketi chini sakafuni akalia.

Bi Kichupa alimkuta kwenye benchi la nje. Ukoo ulikuwa umekwisha kujaa. Kaka alikuwa amekunja mkono wa shati mpaka begani. Alitaka achukuliwe damu sasa hivi, awekewe mdogo wake, kwa kuwa damu ya ndugu ni bora kuliko ya watu baki.

Bi Kichupa alimketisha. Alimweleza kwamba damu inayotolewa leo haiingizwi mwilini mwa mtu leo. Lazima ipimwe kwanza magonjwa, itengenezwe, ihifadhiwe kwenye jokofu. Iliyomwokoa Ngazi ilitolewa wiki mbili nyuma na watu wasiomjua, waliokwenda zao bila kuuliza itampata nani.

"Kwa hiyo yangu haina kazi?" aliuliza Kaka.

"Ina kazi kubwa," alisema Bi Kichupa. "Itamngoja yule atakayeanguka wiki mbili zijazo. Nenda ukajaze jokofu, shemeji. Wanaume kila miezi mitatu, wanawake kila minne. Na usiniletee binamu aitike jina lako."

Kisha aliwahesabia dakika, bila huruma. Dakika kumi na nne zilipotea kwa kuzunguka bohari. Tatu kwa kutopiga simu. Kumi na moja kwa faili. Alisema hivi: hospitali haikuihitaji kadi ili ianze kumtibu. Na kundi la damu halichukuliwi kwenye kadi, wala kwenye kumbukumbu ya mama mkwe, bali kwenye kichupa cha mgonjwa mwenyewe. Aliyefanya vizuri kuliko wote ni Nukta. Hakuchungulia jeraha. Aliweka kitambaa, akakandamiza, akabaki hapo.

Nukta, aliyekuwa amelala kwenye benchi la pili, mikono imekufa ganzi, aliomba maneno hayo yaandikwe mahali.

Siku iliyofuata Kaka alikwenda kwa karani, halafu kwa meneja wake, akasema yote. Alirudi na barua kali ya onyo, lakini alirudi na kazi. Faili lake lilisafishwa. Karani alimfungua kinywa yeye mwenyewe, akahesabu, akaandika kwa wino mwekundu kwamba mgonjwa ana meno yote. Wengine wa ukoo walijiunga na bima kupitia chama cha mafundi, kila mtu na kadi yake, kila picha na sura yake.

Ngazi alirudi kazini baada ya miezi mitano, akichechemea kidogo. Ndani ya kofia ngumu ya kila fundi aliandika kwa rangi namba ya simu ya chumba cha dharura. Kila Jumatatu, kabla mtu hajapanda, aliwauliza hatua nne. Kandamiza. Piga simu. Sema ni jeraha gani na mtafika baada ya dakika ngapi. Nenda moja kwa moja. Aliyekosea alichanganya zege mpaka mchana. Walimwita mwalimu mkuu, lakini walijibu.

Mwezi wa tisa tangu Ngazi aumie, Mama Pacha alikuwa akishona kola aliposikia jina la Nukta kwenye simu. Safari hii aliyepiga alikuwa Ngazi. Kenchi ya paa imevunjika. Nukta ameanguka juu ya vyuma, ameumia kiuno na paja. Wamekwisha kupiga simu hospitali.

Alivuka barabara. Alisimama langoni palepale. Mlinzi alileta kiti kilekile. Macho yalimvuta upande wa kushoto bila yeye kutaka.

Nyuma yake alisikia viatu. Bi Kichupa alipita ukumbini na sanduku jekundu, akaingia chumba cha dharura. Kitanda kilikuwa tayari, bangili ilikuwa tayari. Gari lilikuwa bado halijafika.

Dakika ya tano pikapu ilitokea. Ilitokea kulia.

Nyuma ya gari Ngazi alikuwa amepiga magoti, viganja vyote viwili juu ya paja la mwenzake, kitambaa kimekunjwa mara nne. Mama Pacha alihesabu tangu magurudumu ya machela yapite mlangoni mpaka mfuko wa kwanza kutundikwa. Dakika mbili. Nukta alikuwa na fahamu za kutosha kulalamika kwamba viganja vya Ngazi ni vizito.

Jioni, Nukta akiwa wodini na uji mkononi, Bi Kichupa aliingia dukani kuchukua gauni. Lilikuwa limepanuliwa tena kiunoni, jambo ambalo halikusemwa. Aliliweka sanduku jekundu juu ya meza ya kukatia vitambaa. Lilikuwa jepesi.

"Tupu," alisema. "Wewe zamu yako ya kuchangia ni lini, shoga?"

Mama Pacha alitoa pini mdomoni.

"Kesho," alisema. "Na Kaka keshokutwa. Atakuja na kadi yake, yenye picha mpya ya sura yake; asipofanana nayo, si yeye."